Kibuyu cha Gicandi na Sahani ya Santuri: Kunasa Sauti na Wimbo wa Kigikuyu katika Eneo la Thika

Kiandutu ni kitongoji cha mji wa Thika, kaskazini-mashariki ya Nairobi. Jina lake ni la Kigikuyu, nalo latokana na ndutu, yaani funza wale waingiao miguuni. Si jina la kujivunia, lakini limebaki. Wengi wa waliohamia hapo walifuata kazi za viwandani na za mashamba ya mananasi, kila mmoja akija na lugha ya kwao. Apitaye huko jioni aweza kusikia, kutoka katika redio au simu ya mkononi, wimbo wa Kigikuyu ulioimbwa kabla ya wasikilizaji wake kuzaliwa, na mwimbaji mwenyewe amekwisha kufa. Jambo hilo limekuwa la kawaida mno hata halimshangazi mtu. Lakini kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni jambo la ajabu, kwa kuwa linavunja kanuni ya kwanza ya fani hiyo: kwamba wimbo huishi kinywani mwa aliye hai, mbele ya hadhira inayomjibu.

Wagikuyu walikuwa na njia yao ya kuhifadhi utungo kabla ya mashine yoyote kufika. Gicandi ni shairi refu la mafumbo, lililotambwa na fanani wawili kwa kushindana, huku wakitikisa vibuyu ambavyo maganda yake yalichorwa alama. Alama hizo zilimkumbusha fanani mpangilio wa utungo, na aliyeshindwa kufumbua fumbo alipokonywa kibuyu chake. Padri Vittorio Merlo Pick aliuchapisha utungo huo katika kitabu chake Ndaĩ na Gĩcandĩ mwaka 1973, na Ngũgĩ wa Thiong'o akamfanya mtambaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980). La kuangaliwa hapa ni kwamba kibuyu hakikuwa na maneno ndani yake. Asiyefunzwa angeweza kukishika mchana kutwa asipate hata ubeti mmoja. Kumbukumbu ilikuwa ya mtu. Chombo kilikuwa msaidizi tu.

Mwaka 1877, huko Marekani, Thomas Edison alitengeneza chombo kilichogeuza uhusiano huo. Alizungushia mcheduara karatasi ya bati, akasema mbele ya kiwambo chembamba, na mtetemo wa kiwambo ukasukuma sindano iliyochora mifuo juu ya bati. Sindano ilipopitishwa tena katika mifuo ile ile, kiwambo kilitetemeka kama mara ya kwanza na sauti ikarudi. Basi santuri nayo ni michoro, kama kibuyu; lakini ni michoro isiyohitaji msomaji. Miaka 10 baadaye Emile Berliner akaleta sahani bapa badala ya mcheduara, na hilo ndilo lililoleta biashara, kwa sababu kutokana na kalibu moja ziliweza kupigwa chapa sahani maelfu. Tangu hapo mwenye kalibu na mwenye sauti wakawa watu wawili mbalimbali. Sehemu kubwa ya mambo yaliyowapata waimbaji wa Afrika Mashariki imo katika tofauti hiyo.

Walionasa sauti za kwanza katika sehemu hizi hawakuwa wafanyabiashara bali wataalamu. Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania akiwa na fonografu na mcheduara za nta, na nyimbo alizozinasa zikapelekwa Berlin. Waimbaji wenyewe walibaki na nyimbo zao vinywani kama zamani. Kwao mashine ilikuwa mgeni aliyepita. Mwaka 1928 mambo yalikuwa mengine. Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kuimbia kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikarudi kuuzwa pwani na bara. Siti hakujua kusoma wala kuandika; hata hivyo maneno yake yalisafiri kwa namna ambayo vitabu vya Kiswahili vya wakati huo havikuweza, kwa kuwa msikilizaji naye hakuhitaji kujua kusoma.

Sahani hiyo ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja ulichukua kama dakika 3 tu. Fanani aliyezoea kurefusha au kufupisha wimbo kwa kadiri hadhira ilivyopendezwa, sasa alitazamwa na saa, na hadhira haikuwapo. Haifai kusema kuwa hilo lilikuwa hasara tupu, maana ufupi nao ni fani. Lakini ni badiliko la umbo lililotoka kiwandani, si kwa watunzi. Badiliko jingine lilikuwa la kukopana. Hugh Tracey alipokuwa miongoni mwa Wakipsigis mwaka 1950 alinasa wimbo wa wasichana wakimsifu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Sauti isiyo na mwili ilitafutiwa mwili.

Katika nchi ya Thika, kustawi kwa santuri kulikuja baada ya Uhuru. Gatanga, tarafa iliyo jirani na mji huo, ilimtoa Daniel Kamau, aliyeanza kutoa santuri mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa bado kijana sana. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, alikuwa mashuhuri zaidi ya wote. Soko lao lilikuwa barabara ya River Road mjini Nairobi, na umbo lao lilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa pande mbili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili: katika ya kwanza mwimbaji akisema kisa chake, katika ya pili magitaa yakiachiwa nafasi. Katikati ya wimbo palikuwa na kimya cha mtu kugeuza sahani. Wanaochambua muundo wa nyimbo hizo kwa kusoma maneno tu yaliyonakiliwa hukikosa kimya hicho, na hawaelewi kwa nini wimbo unaanza upya mahali usipotarajiwa.

Santuri iliweza pia kufika mahali ambapo redio ilikatazwa. J. M. Kariuki alipouawa mwezi Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumwombolezea. Redio ya taifa haikuruhusiwa kuupiga, lakini sahani zilinunuliwa kwa wingi. Serikali yenye kituo kimoja cha redio ingeweza kukinyamazisha kwa amri moja; sahani zilizokwisha ingia majumbani hazikuwa na mlango mmoja wa kufungwa.

Kisha ikaja kaseti, na sifa hiyo hiyo ikawageukia waimbaji. Kaseti yaweza kunakiliwa nyumbani, tena haihitaji kiwanda. Katika miaka ya 1980 kaseti za wizi ziliangusha biashara ya santuri nchini Kenya, na simu za leo zimemaliza kazi iliyobaki. Usiku wa mugithi, mpiga gitaa mmoja huunganisha nyimbo za wakongwe moja baada ya nyingine, na wateja wanaitikia kila neno. Kwa upande mmoja hadhira imerudi, na fanani amepata tena uhuru wa kurefusha. Lakini yale anayoyaimba yametoka katika santuri, si kwa mwalimu aliyemfunza, na mtunzi hapati chochote.

Sheria haipuuzi jambo hilo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yalinda utungo kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, lakini sauti iliyonaswa yalindwa miaka 50 tangu iliponaswa. Kwa hesabu hiyo, sauti iliyonaswa mwaka 1967 ilitoka katika ulinzi mwisho wa mwaka 2017. Kamaru alifariki mwezi Oktoba 2018. Maneno yake yangali na ulinzi hadi mwisho wa 2068, hali sauti yake ya ujana imekwisha kuwa mali ya yeyote. John De'Mathew, mwana mwingine wa Gatanga, alifariki Agosti 2019 katika ajali ya gari karibu na mji wa Thika, na kwake hesabu hiyo bado haijafika.

Mjukuu wa Kamaru, aitwaye pia Joseph Kamaru na ajulikanaye kwa kazi yake ya sauti kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Kazi hiyo si nyepesi. Katika sahani nyingi za River Road karatasi ya katikati yataja mwimbaji, kampuni na namba. Mwaka haumo, na anayetaka kujua miaka 50 yaanzia wapi hana budi kuutafuta kwa watu waliokuwapo.