Shahada Iliyonikuta Darasani

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara. Je, shahada ya uzamili inayosomwa kwa njia ya intaneti inamfaa nini mwalimu? Nalizungumza kwa kuwa nimefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na shahada ya namna hiyo ninayo. Niliisoma usiku, huku mchana nikiendelea kushika chaki.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kusoma kwa mbali ni uzushi wa siku hizi. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewaruhusu watu wasiohudhuria madarasa yake kufanya mitihani ya shahada. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado kifungoni. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994.

Kilichobadilika ni njia ya kufikisha somo. Zamani kifurushi cha vitabu kilikuja kwa posta, na majibu yakarudi kwa posta. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na baada ya hapo mawasiliano ya intaneti, ambayo yalitegemea zaidi setilaiti kwa bei kubwa, yakaanza kuwa mepesi. Ndipo mwalimu wa kawaida alipoweza kusoma makala za maktaba ya Uingereza akiwa kwake Temeke au Morogoro.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kusoma huko ni rahisi. Kazi yangu ilitakiwa kufika chuoni kabla ya saa sita usiku kwa saa za London, ambayo kwetu ni saa nane au saa tisa usiku kutegemea majira yao. Umeme ukikatika saa saba, hakuna wa kumlilia. Wanafunzi wenzangu niliwajua kwa majina tu, na baadhi walikata tamaa wakatoweka kimya kimya. Ada nayo ilikula fedha ambazo nyumbani zingeezeka paa. Mke wangu alivumilia, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nilipata nini? Nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika kwa Kiingereza kwamba mama yake ni mgonjwa, halafu sentensi inayofuata anamwita mama huyo "he". Kwa miaka mingi nilichora msitari mwekundu, nikakata alama, na moyoni nikasema huyu mtoto hasikilizi. Katika masomo yale nikakutana na makala ya mwanaisimu Pit Corder ya mwaka 1967, aliyeeleza kwamba makosa ya mwanafunzi yana maana, kwa kuwa yanamwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi katika kujifunza.

Nikarudi kwenye madaftari nikayatazama upya. Katika Kiswahili tunasema "anaumwa", na ile "a" ya mwanzo haitofautishi mwanamume na mwanamke. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapoingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, hajawahi kulazimika kuchagua kati ya "he" na "she" kila anapofungua kinywa. Basi si uvivu. Anafuata kanuni ya lugha anayoijua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeandika "my father he is a farmer". Kiswahili kinamtaka aseme "baba analima", kiambishi cha baba kikiwa ndani ya kitenzi, naye anakihamisha.

Niliyasoma hayo Jumamosi usiku, na Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya wanafunzi wale wale. Niliacha msitari mwekundu. Nikawapa hadithi ya kaka na dada waendao sokoni, wakasimuliana kwa mdomo wawili wawili kabla ya kuandika, mmoja akimsahihisha mwenzake. Makosa hayakuisha siku ile, lakini watoto waliokuwa wakiogopa kusema walianza kusema.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya shahada ya namna hii. Mwalimu anayekwenda kukaa chuoni miaka miwili hupata utulivu wa kusoma, na hilo ni jema, lakini wanafunzi wake anawaacha nyuma. Anayesoma kwa mbali analijaribu somo darasani kabla halijapoa, na darasa lenyewe linamrudishia maswali ya kumpelekea mhadhiri.

Kuhusu cheo, niseme ukweli. Siku nilipopeleka cheti ofisini sikupandishwa daraja. Niliambiwa nisubiri, nami nikasubiri sana. Kilichotangulia ni walimu wenzangu kuja kuuliza nafanyaje darasani. Baadaye nikapewa kuongoza idara ya lugha, kisha kuendesha semina za walimu wa shule jirani. Karatasi peke yake isingenifikisha huko.

Hata hivyo, karatasi nayo ina mambo yake. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alilipa fedha zake kwa kile kilichojiita chuo kikuu, akatumiwa shahada baada ya majuma machache. Aliifurahia mpaka alipotakiwa kuithibitisha. Haikutambuliwa, na fedha zilikuwa zimekwenda.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla hujalipa hata shilingi, fanya mambo matatu. Kwanza, hakikisha chuo hicho kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yake, halafu uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo hutathmini shahada za vyuo vya nje. Uliza mapema, usingoje cheti kifike. Pili, ulizia nani atasahihisha kazi zako na nani atasimamia tasnifu yako. Chuo kisichokudai jasho kinakuuzia karatasi. Tatu, piga hesabu ya ada yote mpaka mwisho, ukikumbuka kwamba ada inadaiwa kwa fedha za kigeni na mshahara wako ni wa shilingi. Na kabla hujatazama ng'ambo, tazama kwanza vyuo vya hapa nyumbani vinavyofundisha kwa mbali.

Kisha jiulize swali moja zaidi: nitakachokisoma wiki hii, nitakifanyia nini Jumatatu darasani? Ukiwa na jibu, usiku wako hautapotea, hata kama barua ya cheo itachelewa.

Elimu ni bahari, ndugu wasikilizaji. Mvuvi mwenye busara hukagua mtumbwi kabla ya kusukuma. Tukutane wiki ijayo.