Kikombe cha Uji Juu ya Kioo cha Kompyuta

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Ikinga, Ileje

Ijumaa moja baada ya swala, mweka hazina wa msikiti wetu hapa Ikinga aliniita pembeni, akanifunulia daftari lake la mkono. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto yatima saba zilikuwa zimekwisha kununua saruji. Hakuna aliyeiba. Katika kompyuta ya ofisi kulikuwa na folda mbili za manjano, zinazofanana kama mapacha, moja ya ujenzi na nyingine ya mayatima, na majina yake nilikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe kwa vifupisho vya Kiingereza nilivyovizoea chuoni. Kijana aliyenishikia zamu aliingiza orodha ya michango katika folda isiyo yake, na kamati ikaidhinisha matumizi kwa kuitegemea orodha hiyo. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu: "Katibu, mali ya yatima inatambulikaje humo ndani?"

Fedha zilirudishwa kwa mchango mwingine, alhamdulillahi, lakini swali lile nililala nalo. Mtu aliyetunza hesabu za msikiti kwa miaka mingi, anayesoma herufi za Kiarabu bila kusita na za Kiswahili kwa miwani, alikuwa amefungiwa nje ya hesabu zake mwenyewe na vijalada viwili vya manjano. Nikaazimia kuzichora upya picha zile.

Picha hizo ndogo huitwa ikoni. Kila moja ilichorwa na mtu aliyekuwa akitazama meza yake. Kompyuta ya Xerox Star, iliyoingia sokoni mwaka 1981, ilionyesha majalada, droo za kabati na vikapu vya barua, yaani vitu vya ofisi ya Kimarekani ya wakati huo. Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh iliyotoka Januari 1984, alianza na karatasi ya miraba: 32 kwa 32, jumla miraba 1,024, kila mmoja ama mweusi ama mweupe.

Hapa nchini, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini maneno yalihamia kwetu, picha zikabaki kwao: alama ya kuhifadhi kazi iliendelea kuwa disketi. Mtoto mmoja wa madrasa aliwahi kuniuliza kwa nini kitufe cha kuhifadhi kina picha ya laini ya simu. Sikuwa na jibu la kumridhisha mtoto ambaye hajapata kuiona disketi maishani mwake.

Tangu Apple ilipobadilisha sura ya simu zake mwaka 2013, mtindo ulioenea ni wa ikoni bapa, zisizo na kivuli wala mng'ao. Zinapendeza, nami sizikatai. Ila picha bapa humfaa zaidi yule anayeijua tayari. Kwa anayeikuta kompyuta akiwa na miaka 60, kitu kilichochorwa kama kilivyo, chenye unene na mwanga wake, hujitambulisha chenyewe.

Nilitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Uchoraji wake huitwa wa vekta. Picha ya kamera ni vitone vilivyopangwa, na ukiikuza, vitone huonekana kama punje za mchele. Mchoro wa vekta huhifadhi pointi na hesabu ya mikunjo inayoziunganisha, hivyo ukuze upendavyo, kingo zake hubaki safi. Mikunjo hiyo ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault wa Ufaransa, aliyeitumia kubuni mabodi ya magari.

Kamati ilikubaliana tusichore chenye roho. Wanavyuoni wametofautiana kuhusu picha za kompyuta, nami si wa kuwaamua. Vitu visivyo na roho vilitutosha. Kwa ujenzi tulichagua tofali la kuchoma. Kwa mazishi nilichora jembe, nikijiona mbunifu kwelikweli, kwani kaburi huchimbwa. Mzee akalitazama, akasema, "Hili ni shamba la kahawa." Alisema kweli. Huku kwetu nani aone jembe akakumbuka makaburi kabla ya shamba? Nikalifuta, nikachora jeneza. Picha ya mayatima aliichagua yeye mwenyewe: kikombe cha bati cha uji, cheupe chenye ukingo wa buluu.

Niliazima kikombe halisi nikakiweka mezani karibu na dirisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kukitazama kikombe. Nilidhani ni cheupe. Upande wa dirisha kweli kilikuwa cheupe, katikati kilikuwa kijivu chenye usamawati, upande wa pili kilitia giza, na mwisho kabisa kulikuwa na ukanda mwembamba wa nuru iliyorudishwa na ukuta. Ukanda huo mwembamba ndio unaolifanya umbo la duara lionekane la duara.

Katika programu nilifungua ukurasa wa pikseli 256 kwa 256. Mdomo wa kikombe ni duaradufu. Mwili ni mstatili ambao kitako chake nilikipinda kwa kuzivuta pointi zake, na shikio ni mikunjo miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kisha nikatumia mpito wa rangi, chombo kinachoifanya rangi moja ififie taratibu hadi nyingine, nikazifuata zile rangi nne kama nilivyoziona dirishani. Kivuli cha chini ni duaradufu nyeusi iliyotiwa ukungu kwenye kingo na kupunguzwa nguvu hadi asilimia 30. Hapa nilikosea: kivuli cha tofali nilikielekeza kushoto na cha kikombe kulia. Nilipoziweka pamoja, ilikuwa kana kwamba mbinguni kuna majua mawili. Nikachagua mwanga mmoja, kutoka juu kushoto, kwa ikoni zote.

Mwisho niliongeza doa dogo jeusi ukingoni, pale rangi inapobanduka kikombe kikianguka sakafuni. Mzee alipoliona alicheka. "Hiki ni cha nyumbani kwangu," akasema.

Kazi ngumu ilianza nilipokipunguza. Katika pikseli 48 kikombe kilikuwa kizuri; katika 16 lile doa liligeuka uchafu na shikio likawa ukungu. Vekta haiharibiki kwa kukuzwa, lakini ikipunguzwa mno, kioo hakina vitone vya kutosha kuionyesha. Kwa hiyo nilichora kikombe cha pili, cha udogo huo peke yake: bila doa, shikio nene kuliko la kweli, na ukingo wa buluu uliokaa sawasawa juu ya mstari wa miraba. Nakala za ukubwa wa 256, 48, 32 na 16 nilizikusanya katika faili moja la ICO kwa programu ya GIMP, nayo pia ya bure. Kubadilisha picha ya folda ni kuibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kufungua sifa zake, na kuchagua faili hilo. Majina nayo nikayaandika upya kwa Kiswahili, pasipo kifupisho hata kimoja.

Ijumaa iliyofuata mzee alikaa mbele ya kompyuta, nami nikasimama nyuma yake kimya. Kipanya kilimtetemeka mkononi. Akalipita jeneza, akalipita tofali, akafika kwenye kikombe, akakibonyeza mara mbili. Orodha ikafunguka. Akavaa miwani, akaweka daftari lake pembeni, akaanza kusoma kwa sauti majina ya wale watoto saba, moja baada ya jingine, akitia alama kwa penseli.