Kabla ya Cherehani, Kitambaa

Kila mwaka, kati ya Krismasi na ufunguzi wa muhula wa kwanza mwezi Februari, familia za askari wa jeshi na polisi hupatwa na shida moja. Watoto wamerefuka, kaptura za mwaka jana zimepanda juu ya magoti, na mshahara wa Desemba umekwisha kugawanywa kabla haujafika. Katika nyumba nyingi za kambini shauri linalotolewa wakati huo ni hili: tununue cherehani, mama watoto ashone mwenyewe. Shauri hilo ni jema. Walakini twaona ya kuwa wengi hulitekeleza kuanzia mkiani. Fedha yote, na pengine ya mkopo, huishia katika cherehani. Kisha kwa senti zinazobaki hununuliwa kitambaa chochote, mkasi wowote na uzi wowote. Baada ya kufuliwa mara mbili kaptura zimerudi, rangi imehamia katika shati jeupe, na cherehani imegeuka kuwa meza ya kuwekea redio.

Ndugu askari, anayeanza kushona nyumbani aanze na kitambaa na vyombo vidogo vya mkono. Cherehani na ije mwisho.

Tuanze sokoni. Kwa Kampala, wengi huenda Kiyembe, mtaa mwembamba ambamo majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama askari wa gwaride, na mafundi wameketi na cherehani zao karibu na milango. Mnunuzi mgeni huvutwa na rangi, naye muuzaji alijua hilo tangu zamani. Swali la kwanza lisiwe bei, bali upana. Vitambaa vinavyouzwa kwetu havina upana mmoja: vipo vya inchi 36, ambazo ni kama sentimita 90, vipo vya inchi 45, karibu sentimita 115, na vipo vya inchi 60, yaani sentimita 150 na zaidi kidogo. Bei hutajwa kwa mita ya urefu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Tuseme kitambaa cha sentimita 115 kinauzwa shilingi 10,000 kwa mita, na cha sentimita 150 kinauzwa 12,000. Wengi watakimbilia cha kwanza. Hebu pigeni hesabu: cha kwanza kinatoka takriban shilingi 8,700 kwa kila mita ya mraba, na cha pili shilingi 8,000. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi. Afande anayeweza kuhesabu risasi za kikosi kizima hawezi kushindwa na hesabu hii.

Swali la pili ni kipimo chenyewe. Kitenge huuzwa kwa yadi, na kipande kizima ni yadi 6. Yadi moja ni sentimita 91 na nusu hivi, kwa hiyo yadi 6 hazifiki hata mita tano na nusu. Anayelipia "sita" akidhani ni mita amepoteza nusu mita, na nusu mita ya kitambaa kipana ni kaptura ya mtoto wa darasa la kwanza. Nendeni na futi yenu wenyewe. Futi hizi za utepe, zile za bei ya chini kabisa, hunyooka kwa kuvutwa, basi kabla ya kuziamini zilinganisheni na rula ya chuma. Na kitambaa kinapopimwa dukani kilale bila kuvutwa. Kipo kitambaa kinachokubali kuongezeka sentimita kadhaa mikononi mwa muuzaji hodari, kisha hurudia hali yake mkiwa tayari ndani ya basi.

Sasa ubora. Shikeni pembe ya kitambaa mkiisugue kwa nguvu baina ya vidole, kama mtu afuaye kola. Ikidondoka vumbi nyeupe, ujueni uzito mliousikia ulikuwa wa wanga. Utaondoka kwa maji ya kwanza na kitambaa kitabaki chepesi kama chandarua. Lowesheni kona ya leso nyeupe msugue juu ya rangi. Leso ikipokea rangi, shati la mtoto nalo litapokea. Kiinueni kitambaa dhidi ya mwanga mtazame matundu na nyuzi zilizokatika. Kwa kitenge, geuzeni upande wa nyuma: kile kilichotiwa rangi kwa nta rangi yake hulingana pande zote mbili, bali kilichopigwa chapa juu juu huwa hafifu nyuma.

Lipo pia jaribio la moto. Ombeni uzi mmoja uliochomolewa ukingoni, muuwashe nje ya duka, mbali na majora. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na mwisho wake hugeuka punje ngumu. Wengi huita kitambaa "pamba" kwa sababu tu ni laini. Uzi hausemi uongo.

Je, kipi ni bora? Inategemea kazi. Kwa kaptura na gauni la shule kitambaa cha mchanganyiko, ambacho aghalabu ni poliesta sehemu 65 na pamba sehemu 35, kinafaa: hakirudi sana, hukauka upesi, na hakitaki pasi ndefu. Ubaya wake ni joto mwilini, na karibu na jiko la mkaa ni hatari kwa kuwa huyeyuka na kushika ngozi. Nguo za mtoto mchanga na nguo za ndani zishonwe kwa pamba tupu. Lakini pamba hurudi. Ikirudi kwa sehemu 5 katika 100, gauni la sentimita 80 litapungua sentimita 4, na hizo nne ndizo zinazomfanya mwalimu mkuu aandike barua nyumbani. Dawa yake haina gharama: kabla ya kukata, kitambaa kilowekwe, kianikwe kivulini, kipigwe pasi. Kama ni kurudi, kirudi kingali kitambaa. Basi nunueni ziada ya sentimita 10 kwa kila mita mbili, na kwa watoto acheni pindo pana la kufumua mwaka ujao.

Hapa kwetu twapaswa kutazama pia kilichofumwa nyumbani. Nyanza Textile ya Jinja, ambayo wazee bado huiita Nytil, ilianza kazi katika miaka ya 1950 kwa umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Leo kiwanda hicho hujulikana kama Southern Range Nyanza, nacho kimekuwa kikitengeneza sare za vikosi. Ilhali sehemu kubwa ya pamba ya wakulima wetu husafirishwa nje kabla haijasokotwa. Hatusemi kila kitambaa cha nje ni kibaya. Twasema muulize dukani kimetoka wapi, maana muuzaji asiyeulizwa hana sababu ya kuagiza cha Jinja.

Vyombo vya mkono si vingi. Mkasi wa inchi 8 wa kukatia kitambaa tu. Siku utakapokata karatasi au waya wa redio ndiyo siku ya kufa kwake, na katika nyumba yenye watoto ni lazima ufichwe. Chaki ya fundi, pini, sindano za mkono za unene mbalimbali, tondoo la kukinga kidole, na wembe au kisu kidogo cha kufumulia, kwani anayejifunza atafumua kuliko atakavyoshona. Uzi uvuteni kwa ghafula: ukikatika kirahisi umezeeka, uacheni. Usipopatikana wa rangi ileile, chukueni uliokolea kidogo kuliko kitambaa. Pasi ya mkaa inatosha kabisa, mradi pawepo kitambaa cha kutandika juu ya nguo kuzuia cheche.

Askari wa Uingereza wa zamani alibeba mfuko mdogo wenye sindano, uzi, vifungo na tondoo, nao kwa mzaha uliitwa "mke wa nyumbani". Hakuna aliyeona aibu kuutumia. Twataja hili kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaodhani kushika sindano ni kazi ya wanawake, kumbe kifungo cha sare kikidondoka porini mama watoto hayupo.

Kwa mazoezi, msikate kitambaa kipya. Pale Owino, soko linaloitwa rasmi St. Balikuddembe, katika mivumba hupatikana mashuka makuukuu mapana ya bei ndogo. Kateni humo kwanza, pigeni bandi kwa mkono, mvalisheni mtoto muone. Kosa la shuka haliumizi mfuko.

Mkishashona nguo mbili tatu kwa mkono na kuona mkono umekubali, ndipo sasa mtazame cherehani. Kambini, ambako umeme hukatika na uhamisho huja bila hodi, cherehani nyeusi ya mkono au ya miguu yashinda ile ya umeme. Jina lililobandikwa juu yake si cheti, maana nakala ni nyingi. Kama imekwisha tumika, zungusheni gurudumu kwa mkono polepole: isikwame, isigonge, sindano isicheze. Fungueni sehemu ya uzi wa chini. Zile za kale sana hutumia bobini nyembamba ndefu kama kijiti, na vipuri vyake vimeadimika. Chagueni yenye bobini ya duara. Kisha shoneni kitambaa chenu wenyewe mlichokuja nacho, chepesi kwanza, halafu mikunjo minne ya kaki, mtazame mshono juu na chini. Muuzaji akikataa jaribio hilo, shikeni njia. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina upande mmoja bapa juu, ya kiwandani ni duara, na moja haiingii badala ya nyingine. Namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ya kawaida, 16 ya kaki na drili.

Neno la sheria lisisahaulike. Suruali ya kombati iliyochakaa isikatwe kuwa mkoba wa shule wala kaptura ya mtoto. Iko Sheria ya Jeshi ya mwaka 2005, na Septemba 2019 mavazi ya jeshi yaliorodheshwa katika Gazeti la Serikali kuwa vifaa ambavyo raia haruhusiwi kuwa navyo. Mtoto hataeleza kizuizini kwamba ilikuwa ya baba. Sare iliyochakaa irudishwe stoo. Wala anayeshonea majirani asipokee kitambaa cha madoadoa, hata kikiletwa na mtu anayejulikana.

Siku ya uhamisho ikifika, cherehani ya miguu isipakiwe nzima. Fungueni mkanda, tenganisheni kichwa na meza, ondoeni sindano, fungeni gurudumu kwa kamba lisizunguke njiani. Kichwa kifungwe ndani ya blanketi kisafiri kwa dereva mbele, siyo nyuma chini ya magunia.