Mtoto Aliyetoka Porini

Labda wakaa Butembo au Beni, nawe wamjua kijana aliyerudi kutoka porini. Labda alikamatwa akienda shambani. Labda alikwenda mwenyewe kwa Mai-Mai, kwa kuwa watu wa jamaa yake waliuawa, au kwa kuwa fedha za masomo zilikosekana. Sasa amerudi. Watu wampita njiani bila salamu, na wamama waita watoto wao waingie nyumbani. Je, kijana huyu ana ugonjwa gani? Na dawa yake ni nini?

Kwanza jua sheria. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, tena yakataza kumwingiza katika kikundi cha silaha. Mwenye kosa ni yule aliyemtia bunduki mkononi. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa kwa kosa hilo huko La Haye katika mwaka 2012, akapewa kifungo cha miaka 14. Basi usimwite mtoto huyu mwuaji.

Wengi wanaotoka porini hupelekwa kwanza katika nyumba ya kupokea watoto, ile inayoitwa CTO, au kwa jamaa iliyochaguliwa na kufundishwa kumlea kwa muda. Huko hupimwa malaria, minyoo na kikohozi, na vidonda vyake huoshwa. Hula kwa saa zake na kulala bila kushika zamu ya usiku. Wengine huanza masomo au kazi ya mikono, huku watu wa ulinzi wa watoto wakitafuta wazazi wake. Hupewa pia karatasi ya kuonyesha kwamba ameachiliwa, ili asikamatwe barabarani kama mpiganaji. Kwa desturi kukaa huku ni kwa miezi mitatu hivi.

Wengine huuliza: Mbona muda mfupi hivi? Sisi wauguzi tukifunga mguu uliovunjika kwa vibao, hatutaki mtu atembee na vibao maisha yake yote. Mtoto akikaa sana katika nyumba ya wageni husahau jembe na majina ya wajomba zake. Kwa hiyo mimi napenda zaidi jamaa ya kumlea, maana huko ateka maji pamoja na wengine na kugombezwa kama wengine.

Lakini akirudi kwenu, usitazamie kwamba amepona. Usiku apiga kelele. Mlango ukigongwa, aruka. Kijana mkubwa akojoa kitandani, naye aona haya sana. Mwingine akasirika upesi, au anywa kasiksi na kuvuta bangi ili asione tena aliyoyaona. Hiyo si dharau, wala si uchawi. Ni jeraha la moyo, nalo lina matunzo yake. Katika mwaka 2013 watafiti walitoa habari za vijana 50 wa mashariki mwa Kongo, wenye miaka 13 mpaka 17, na 39 kati yao walikuwa wametoka katika vikundi vya silaha. Waliokutana pamoja na wasaidizi, wakafundishwa kutuliza mwili na kusema habari za mambo yaliyowapata, walipata nafuu kubwa kuliko wale waliokuwa wakingoja zamu yao.

Nyumbani ufanye nini? Usimlazimishe kusimulia. Akisema mwenyewe, sikiliza, wala usipeleke habari zake kisimani. Mpe kazi yenye kipimo, na saa ya kulala isiyobadilika. Usimwamshe kwa kumshika ghafula. Mwite kwa jina ukiwa mbali kidogo. Akisema ataka kufa, usimwache peke yake hata usiku mmoja, bali mlete hospitali. Maombi na matibabu hayapigani. Mwombee njiani mkija.

Labda wasema, Nani atathubutu kumpokea? Kumbuka miaka ya 2018 mpaka 2020, wakati wa Ebola. Hapa Beni na Butembo watoto wachanga walitengwa na mama zao waliolala katika vituo vya matibabu. Nani aliwabeba? Ni watu waliopona Ebola, ambao majirani wengine walikuwa wakiwaogopa bado.

Wasichana wana shida yao. Wengi hawapiti katika CTO, maana hawataki kujulikana. Hurudi kimya na mtoto mgongoni, bila karatasi, bila msaada. Katika mwaka 2017 shirika la Child Soldiers International lilitoa habari za wasichana zaidi ya 100 wa mashariki mwa Kongo waliohojiwa. Aibu ya kudharauliwa na majirani iliwaumiza sana, na wengi walitaka kurudi masomoni. Ninyi wamama wa kanisa, jambo hili ni lenu kuliko la hospitali. Mwendee msichana huyo nyumbani kwao, wala usingoje aje. Mwalike aimbe nanyi. Mlete mtoto wake siku ya kupima uzito na chanjo, uketi naye katika benchi, na mtu akiuliza mbele ya watu baba wa mtoto ni nani, jibu wewe kwamba mtoto amekuja kupimwa uzito.