Je, Wajua? Neno Moja, Sadaka na Upanga

Neno la Kiingereza "offer" asili yake ni Kilatini, na hapo kale lilimaanisha hasa kumtolea Mungu sadaka. Maana hiyo inafaa kabisa kwa michezo ya kuigiza ya Biblia ya karne ya 15, Kaini na Abeli wanapopeleka mazao yao madhabahuni. Kufikia zama za Shakespeare, neno hilohilo lilimaanisha pia kutaka kufanya jambo, hata la kudhuru. Katika tamthilia yake ya Richard III, maelekezo ya jukwaani yaliyochapwa mwaka 1623 yanalitumia kwa mhusika Anne anapomwelekezea Richard upanga kifuani.

Neno jingine la Kiingereza la kutoa, "tender", lina utamu zaidi. Limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kunyoosha, kama mkono unyooshwavyo kutoa kitu. Kiswahili cha biashara kimelipokea kama "tenda", yaani zabuni. Katika Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mhusika Ophelia analitumia neno hilo la Kiingereza kueleza mapenzi aliyoahidiwa. Baba yake, Polonius, analidaka na kuligeuzageuza kwa ustadi wa ajabu: kwanza ni malipo ya fedha isiyo halali, kisha ni kujithamini, mwishowe ni kumletea mzazi aibu.