Kitimoto kwa Moshi: Viti Viwili na Jiko Moja

Kitimoto ya baa tunaijua wote: rosti au choma, ndizi pembeni, dakika 40 mmeshalipa mko njiani. Safi tu. Lakini kuna ile ya Wamarekani wa Kusini, hasa North Carolina, inayopikwa kwa moshi taratibu siku nzima mpaka inachambuka kwa uma. Mimi na mume wangu tukasema tuijaribu nyumbani. Nusura ituvunjie amani.

Vifaa si tatizo. Jiko letu ni pipa lenye mfuniko, kazi ya fundi wa kuchomelea wa mtaani. Mkaa unakaa upande mmoja, nyama upande mwingine, chini yake sufuria ya maji. Nyama iwe bega lenye mfupa na mafuta yake. Letu lilikuwa kilo 2.5, tukalipaka chumvi na pilipili manga usiku wake. Juu ya mkaa weka vipande viwili vitatu vya kuni kavu za mpera au mchungwa. Mabaki ya seremala achana nayo, yana rangi na dawa. Joto ndani ya jiko libaki kati ya nyuzi 110 na 120 za Selsiasi.

Shughuli ipo kwenye muda: saa tatu hadi nne kwa kila kilo. Sisi tuliwasha saa sita mchana, wageni wanakuja saa kumi na mbili jioni. Saa kumi, kipimajoto cha nyama kikasimama kwenye 70. Nusu saa, 70. Saa nzima, bado 70! Kumbe ndivyo ilivyo: nyama inatoa maji, na maji yakikauka juu yake yanaipoza, kama jasho linavyotupoza sisi. Unasubiri, au unaifunga kwa foili. Mwenzangu hakuuliza mtu, akamwaga mkaa. Mafuta yakashika moto. Nje masizi, ndani raba. Wageni wakala chipsi za kuagiza, na sisi tukanuniana mpaka Jumanne, maana nilichomwambia siku ile hakikuhusu nyama. Nilimwambia nyumba hii anaiamulia peke yake.

Mara ya pili hatukualika mtu. Saa kumi na mbili asubuhi, viti viwili uani, simu ndani. Ilipofika 70 ikagoma tena. Hakuna aliyenyanyuka. Hapo ndipo akaniambia kazini hawamuongezei mkataba, na analijua hilo wiki tano. Siku ya wageni alikuwa nalo moyoni. Nilikasirika, sikatai. Lakini nyama ilikuwa na saa nne mbele yake na hatukuwa na pa kwenda, tukapiga hesabu ya kodi na ada palepale, nyuma ya bahasha.

(Nunua nyama iliyokaguliwa, yenye mhuri, tegu wa nguruwe si mchezo. Na kama jirani hali nguruwe, mwambie mapema, usogeze jiko mbali na dirisha lake.)

Nyuzi 95 zilifika saa tisa na nusu. Tukaiacha ipumzike saa nzima ndani ya foili. Mfupa ukachomoka wenyewe. Sosi ni siki, pilipili kichaa, chumvi na sukari kidogo, mtindo wa Carolina ya mashariki. Tulikula na skonzi, kwa mikono. Jiko aliosha yeye.