Vileja, biskuti zisizojua ngano

Sikukuu ikikaribia, harufu ya hiliki na samli humpokea mgeni kabla hajapiga hodi. Mgogoni, kisiwani Pemba, kama kwingineko Zanzibar, mchele huoshwa, hurowekwa, huanikwa, kisha hutwangwa au husagwa na kuchekechwa hadi uwe unga laini. Humo hutoka vileja: biskuti ndogo, nyeupe, zinazomumunyuka mdomoni. Hazina ngano hata chembe.

Ulaya na Marekani biskuti za namna hiyo zina rafu yake dukani, nyingine zikiwa za nafaka iitwayo oti, na bei yake si ya kawaida. Wanaozitafuta zaidi ni wagonjwa wa siliaki. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, ile inayolifanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kinga ya mwili wa mwenye siliaki huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huuharibu utumbo mwembamba. Matokeo yake ni kuharisha, tumbo kujaa, upungufu wa damu, hata mtoto kudumaa. Tiba ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote.

Aliyeonyesha kuwa ngano ndiyo chanzo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Wala si maradhi ya Wazungu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Saharawi, kule Afrika Kaskazini, ukawakuta nayo zaidi ya 5 katika kila 100.

Oti yenyewe haina gluteni ya ngano. Taabu ni kwamba mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano. Ndiyo maana mgonjwa hutafuta pakiti iliyoandikwa kuwa haina gluteni. Kipimo cha kimataifa ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. Jina nalo linaweza kumponza, kwani wapo wanaoiita oti "shayiri", na shayiri halisi ina gluteni.

Kwa mpishi wa Mgogoni, basi, njia fupi ni kileja. Kipimo kinachotumika sana ni nusu kilo ya unga wa mchele, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari iliyosagwa, mayai, hiliki na bekin pauda kidogo. Samli na sukari hupigwa hadi ziwe nyeupe na nyepesi, mayai yakafuata, kisha unga kidogo kidogo. Donge la mchele halina gluteni ya kulishika. Linashikwa na samli na yai. Likiachwa litulie kama nusu saa, unga hunywa unyevu na nyufa hupungua. Viduara hubonyezwa katikati kwa kidole, vikaokwa kwa moto wa wastani. Asiye na oveni huweka makaa chini na juu ya mfuniko. Huepuliwa chini vikianza kupiga wekundu, juu vingali vyeupe, na haviguswi mpaka vipoe, maana vikiwa vya moto huvunjika.

Kazi ngumu iko nje ya mapishi. Chekeche lililochekechewa unga wa maandazi asubuhi hubaki na vumbi la ngano, sawa na kibao cha chapati na mashine iliyotoka kusaga nafaka nyingine. Hata bekin pauda huweza kuwa na wanga wa ngano, kwa hiyo kopo lisomwe. Nyumba yenye mgonjwa humtengea chekeche na kibao chake.

Anayehisi kuwa ngano inamdhuru asiiache kabla ya kupimwa hospitali. Kipimo cha damu husoma dalili za kinga inayopambana na gluteni, na akiwa ameshaacha mkate wa boflo kwa miezi, jibu linaweza kudanganya.

Mwenye hamu ya ladha ya oti, na mwili wake unaipokea, aisage oti isiyo na gluteni na kuitia badala ya robo ya unga wa mchele. Oti hunywa maji zaidi kuliko mchele, basi huongezwa yai moja au kijiko cha tui zito. Rangi hugeuka kahawia kidogo, na hiliki hubaki ile ile.